Je, Wajua? Shabiki, Kibarua Chake, Mpenzi Wake na Mpira wa Kwenye Luninga

Shabiki wa mpira ana mambo matatu kichwani: kibarua kinachomlisha, mtu anayempenda na ratiba ya wikiendi. Matatu hayo hayakai nyumba moja kwa amani. Bosi anataka taarifa Jumatatu asubuhi na mapema. Mpenzi anataka mtoke Jumapili jioni, na Jumapili hiyohiyo jioni ndipo wakubwa wanapokutana uwanjani. Watu humtazama shabiki wakasema huyu amerogwa. Ukichimba kidogo utaona hajarogwa: karibu kila kinachomhangaisha kina chanzo chake, kuanzia sheria ya viwanda hadi mwenyekiti wa klabu aliyeogopa viti vitupu. Tuanze na kazi, maana ndiyo inayolipia king'amuzi.

KAZINI

Je, wajua kwamba saa ya mechi ilipangwa na kiwanda?

Kwa desturi, mechi za Jumamosi nchini England huanza saa 9 alasiri kwa saa za huko. Saa hiyo haikuchaguliwa na mtu wa mpira. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka viwanda vya nguo viwaachie wanawake na vijana waende zao ifikapo saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Wanaume nao, wenzao wakishaondoka, hawakuwa na kazi ya maana ya kufanya humo. Taratibu nusu siku ya Jumamosi ikaenea kwenye ajira nyingine, na miji ya viwanda ikajikuta ina maelfu ya watu wenye alasiri nzima mikononi mwao. Saa moja iliwatosha kunawa masizi, kula chochote na kutembea hadi uwanjani. Taa za uwanjani hazikuwapo, na kiza cha majira ya baridi huko huingia mapema, hivyo mpira haukuweza kuanza baadaye sana. Saa 9 ikabaki hapo hadi leo.

Je, wajua kwamba kazi ndiyo iliyozaa timu unayoishangilia?

Mwajiri akilalamika kwamba mpira unaharibu kazi, mkumbushe nasaba. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa karakana moja katika kiwanda cha silaha cha serikali pale Woolwich, ndiyo maana mzinga haujatoka kwenye nembo. Manchester United ilianza mwaka 1878 kwa jina la Newton Heath, ikiwa timu ya wafanyakazi wa mabehewa ya reli. Jina la sasa ilipewa mwaka 1902. West Ham ina nyundo mbili kifuani kwa sababu ilitokana na Thames Ironworks, kampuni ya waunda meli, mwaka 1895. Kule Uholanzi, PSV Eindhoven iliundwa mwaka 1913 kwa ajili ya wafanyakazi wa Philips, watengenezaji wa balbu. Wote hao walikuwa watu wa zamu na mishahara kama sisi.

Kwetu ni vilevile. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, ni timu ya kiwanda cha sukari, na ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, huku Simba na Yanga wakiangalia. Bandari ya Mombasa ni timu ya mamlaka ya bandari, Tusker ya Nairobi ilitoka kwa watengeneza bia, KCCA ya Kampala ni mali ya jiji, na Tanzania Prisons ya Mbeya ni ya askari magereza. Ukiwaza kuomba ruhusa uende uwanjani, jua kuna watu ambao kwenda uwanjani ndiyo kazi yenyewe.

Je, wajua kwamba wanawake wa kiwandani waliwahi kujaza uwanja wa Everton?

Tarehe 26 Desemba 1920, watu wapatao 53,000 waliingia Goodison Park mjini Liverpool kutazama mechi ya wanawake, na maelfu wengine wakafungiwa nje. Timu iliyowavuta iliitwa Dick, Kerr Ladies, jina la kiwanda cha mjini Preston kilichotengeneza risasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao walikuwa mafundi wa mashine wiki nzima na wachezaji siku ya mapumziko. Fedha za viingilio zilikwenda kwenye misaada. Badala ya kuwapongeza, Chama cha Soka cha England kiliamua tarehe 5 Desemba 1921 kwamba viwanja vya wanachama wake visitumike kwa mpira wa wanawake. Marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya 1970. Anayedai leo kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji hajui kwamba waliwahi kuwepo na wakafukuzwa.

Je, wajua kwa nini usingizi wako hubadilika mwezi wa kumi?

Mechi nyingi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 3 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Wenzetu husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kufuata urefu wa mchana. Sisi tulio jirani na ikweta hatuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa jua letu halibadiliki sana. Matokeo yake, mechi ya Septemba huanza kwetu saa 4 usiku, lakini ya Novemba au Februari huanza saa 5. Hiyo huisha karibu saa 7 usiku bila dakika za nyongeza wala mikwaju ya penalti. Robo fainali za Aprili hurudi saa 4. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayesinzia ofisini Alhamisi ya Februari ana hoja ya kumweleza mkubwa wake, ingawa simshauri aitoe.

Je, wajua kwamba bao limewahi kufunga ofisi za nchi nzima?

Tarehe 22 Novemba 2022, Saudi Arabia iliifunga Argentina ya Lionel Messi mabao 2-1 kwenye Kombe la Dunia la Qatar. Mfalme Salman akatangaza siku iliyofuata kuwa mapumziko kwa watumishi wa serikali, wa sekta binafsi na wanafunzi. Mapema mwaka huohuo, Senegal ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, Jumapili ya tarehe 6 Februari, Rais Macky Sall aliitangaza Jumatatu kuwa sikukuu. Huko hakuna aliyehitaji kudanganya kwamba anaumwa tumbo.

Je, wajua kwamba kijana wa Mbagala alifunga bao kwenye fainali Wembley?

Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa akitokea Genk ya Ubelgiji, na akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Machi, akafunga kwa kichwa dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Villa ilipoteza 2-1. Kurasa za klabu hiyo mitandaoni zilijaa Kiswahili, na watu ambao hawakuwa na habari na mji wa Birmingham wakaanza kuulizia ratiba yake. Kabla ya Genk, Samatta alikuwa Lubumbashi, ambako alitwaa ubingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015. Kwa vijana wengi wa Dar, hiyo ndiyo safari ya kikazi waliyoifuatilia kuliko ya ndugu zao.

Je, wajua hesabu ya mkeka?

Mshahara ukiingia, wapo wanaokimbilia kubeti. Tuseme umechagua timu 10 kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, na kila moja ina nafasi ya asilimia 60 ya kushinda, yaani zote ni timu za kuaminika. Nafasi ya zote 10 kushinda kwa pamoja si asilimia 60. Ni 0.6 kuzidishwa yenyewe mara 10, sawa na mikeka 6 kwa kila 1,000. Zikiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, ni mkeka mmoja katika 1,024. Ndiyo sababu kila kijiweni utasikia mtu akilalamika kwamba timu moja tu ndiyo iliyomchania. Timu moja haikumwonea. Kwa urefu wa mkeka ule, kuchanika ndiyo kawaida.

KWENYE LUNINGA

Je, wajua kwamba mechi ya kwanza kuoneshwa ilikuwa Arsenal dhidi ya Arsenal?

Tarehe 16 Septemba 1937, BBC ilipeleka kamera Highbury kurusha vipande vya mchezo wa majaribio kati ya kikosi cha kwanza cha Arsenal na wachezaji wake wa akiba. Uwanja ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa karibu na kituo cha kurushia matangazo. Mashabiki wa Arsenal wanaweza kujisifu kwamba siku hiyo hawakuwa na namna ya kupoteza.

Mwaka uliofuata, tarehe 30 Aprili 1938, fainali ya Kombe la FA kati ya Preston na Huddersfield ikaoneshwa yote. Dakika za nyongeza zikiyoyoma bila bao, mtangazaji Thomas Woodrooffe akasema bao likipatikana atakula kofia yake. Hazikupita sekunde nyingi Preston wakapewa penalti, George Mutch akapiga, mpira ukagonga mwamba ukazama wavuni. Inasimuliwa kwamba Woodrooffe alilipa deni kwa kula keki iliyochongwa umbo la kofia. Wachambuzi wetu wa redioni wangekuwa wanalipa madeni ya namna hiyo, kofia zingeadimika Kariakoo.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliitangulia Bara kwa miongo miwili?

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na nyeusi na nyeupe au hazina kabisa. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kizazi kizima cha Bara kilijifunza mpira kwa masikio, redio ya mkulima ikiwa juu ya meza na kila mtu akijichorea uwanja wake kichwani. Mwaka 2021 haki za kurusha Ligi Kuu ya Tanzania Bara ziliuzwa kwa Azam kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6.

Je, wajua kwamba wewe wa Manzese unaona asichokiona mtu wa Manchester?

Nenda Manzese Jumamosi jioni. Nje ya kibanda umiza cha kuoneshea mpira kuna ubao ulioandikwa kwa chaki: timu, saa, kiingilio. Ndani mabenchi ya mbao yamepangwa kama darasani, feni moja inazungusha joto lilelile, na mtoza kiingilio amekaa mlangoni na kopo la chenji mapajani. Luninga mbili ziko ukutani, sauti imefunguliwa moja tu, na wateja wameshaanza kubishana iwe ipi. Kwa noti ndogo kijana anaangalia mechi ya England ikichezwa wakati huohuo.

Sasa fikiria jirani wa uwanja huo wa England ambaye hakupata tiketi. Huyo haruhusiwi kuiona nyumbani kwake. Katika miaka ya 1960, Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, aliwashawishi viongozi wenzake kwamba mechi zikioneshwa moja kwa moja Jumamosi alasiri, watu wataacha kwenda kwenye viwanja vidogo vya jirani. Wakakubaliana, na hadi sasa kuna saa mbili na nusu za marufuku nchini Uingereza, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni kwa saa zao, ambapo hakuna mechi inayorushwa mubashara. Marufuku hiyo haimhusu mtu wa Manzese wala wa Likoni. Mechi ileile ya saa 9 ya Jumamosi humfikia saa 11 au saa 12 jioni, kutegemea majira, akiwa ametoka kazini na bado hajaulizwa yuko wapi.

Je, wajua kwamba marudio ya kwanza yaliwachanganya watazamaji?

Leo bao huoneshwa tena kwa pembe tano kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 7 Desemba 1963, kwenye mchezo wa mpira wa Kimarekani kati ya timu za Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini. Mwongozaji wa matangazo, Tony Verna, alirudisha tukio la Jeshi la Nchi Kavu kupata alama, kwa mwendo wa kawaida. Mtangazaji Lindsey Nelson ilibidi awaeleze watu kwa msisitizo kwamba Jeshi halijapata alama tena. Ni tukio lilelile. Mitambo ilikuwa mizito na yenye vituko, na siku hiyo ilifaulu mara moja tu.

Je, wajua kwa nini mpira ulipakwa mabaka meusi?

Mpira wenye vipande 20 vyeupe na 12 vyeusi, ule ambao kila mtoto akiambiwa achore mpira huuchora, uliingia Kombe la Dunia mwaka 1970 nchini Mexico. Uliitwa Telstar, jina la satelaiti ya mawasiliano, na mabaka yaliwekwa ili uonekane vizuri kwenye luninga za nyeusi na nyeupe. Fainali hizo zenyewe ndizo za kwanza kurushwa kwa rangi, lakini watu wengi duniani hawakuwa na luninga za rangi.

Wachezaji nao walilipa gharama ya luninga. Fainali ya 1970 na ya 1986, zote mjini Mexico City, zilianza saa 6 mchana, jua likiwa utosini, ili watazamaji wa Ulaya wazipate jioni wakiwa wametulia nyumbani. Kiwanda kilipanga saa 9 ya Jumamosi; sasa luninga ilikuwa imeshika kalamu.

Je, wajua kwa nini kibanda kinahitaji luninga mbili?

Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi ilihitaji kuifunga Austria, lakini si kwa mabao mengi, ili zote mbili zisonge mbele. Algeria, iliyokuwa imeifunga Ujerumani hiyohiyo 2-1, ilikuwa imemaliza mechi zake jana yake na haikuwa na la kufanya. Ujerumani ikafunga bao dakika ya 10, kisha timu zote mbili zikaanza kupasiana kana kwamba zinasubiri basi la kurudi hotelini. Mtangazaji wa Austria aliwasihi watazamaji wake wazime luninga. Tangu hapo mechi za mwisho za makundi huchezwa kwa wakati mmoja, na mwenye kibanda akalazimika kununua luninga ya pili. Waalgeria hawakupata haki yao, ila wengine wote tuliipata.

Je, wajua kwa nini jirani hushangilia kabla yako?

Umekaa sebuleni, mshambuliaji ndiyo kwanza anaingia kwenye boksi, mara mtaa mzima unalipuka. Satelaiti ya televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, lakini picha kupanda na kushuka hutumia takriban robo sekunde tu. Kinachochelewesha ni kuisindika picha hiyo, kuibana, kuificha kwa ajili ya waliolipia na kuifungua tena kwenye king'amuzi. Kila mtambo una mwendo wake. Anayetazama kwa bando la simu huchelewa zaidi, mara nyingi kwa makumi ya sekunde, kwa kuwa programu hukusanya akiba ya picha kwanza. Mwenye redio ya kawaida anayesikiliza mechi ya hapahapa nyumbani ndiye hutangulia. Ukitaka raha kamili, zima arifa za simu na usikae karibu na mzee mwenye redio.

Je, wajua kwamba penalti iliwahi kutikisa umeme wa nchi?

Tarehe 4 Julai 1990, England ilitolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mechi ilipoisha, mamilioni ya Waingereza waliinuka kwa pamoja kuchemsha chai na kufungua friji, na mahitaji ya umeme yakaruka kwa megawati 2,800 kwa mpigo. Kwa kipimo cha nyumbani, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mashine zote 9 zikizunguka, lina uwezo wa megawati 2,115. Majonzi ya Waingereza ya usiku mmoja yangelimeza bwawa letu lote na kubakiza deni.

MAPENZINI

Je, wajua kwamba kuna pambano lililopewa jina la wakwe?

Gor Mahia na AFC Leopards zikikutana Nairobi, watu huita mechi hiyo Mashemeji. Leopards ilianzishwa mwaka 1964 na mashabiki wake wengi wana asili ya Waluhya. Gor ilianzishwa 1968 na wake wengi ni Wajaluo. Jamii hizo mbili ni majirani magharibi mwa Kenya na zimeoana tangu zamani, hivyo ndani ya jezi mbili zinazotambiana kuna wajomba, mashangazi na mashemeji wa kweli. Mtu huweza kumzomea mpinzani saa 10 alasiri na kukutana naye kwenye kikao cha mahari wiki inayofuata.

Je, wajua la kujibu ukweni Kariakoo?

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba 1936. Inasimuliwa kwamba waliounda ya pili walimeguka kutoka ya kwanza, yaani watani hawa wa jadi walitoka tumbo moja. Simba iliwahi kuitwa Sunderland, kama klabu ya England, hadi mwaka 1971. Ukienda kuposa nyumba ya Msimbazi, yaani ya Simba, nawe ni Mwananchi, yaani wa Yanga, jiandae kukumbushwa mwaka 1977, Simba iliposhinda 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga mabao matatu peke yake. Jibu lako ni tarehe 5 Novemba 2023, Yanga iliposhinda 5-1. Ukishalisema, nyamaza unywe chai. Mahari bado haijapangwa.

Je, wajua kwamba bao la Iniesta lilihesabiwa wodini?

Tarehe 6 Mei 2009, Andrés Iniesta aliifungia Barcelona bao la kusawazisha dakika za majeruhi dhidi ya Chelsea mjini London, likaipeleka fainali ya Ligi ya Mabingwa. Miezi tisa baadaye zikavuma habari kwamba watoto wameongezeka Barcelona kwa asilimia 45. Watafiti wakaamua kuhesabu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Katika wilaya mbili za Katalunya ya kati walikuta vizazi vya Februari 2010 vimeongezeka kwa takriban asilimia 16. Uvumi ulikuwa na chumvi, lakini haukuwa hadithi tupu. Wanaosema mpira unaua mapenzi hawajawaona Wakatalunya.

Je, wajua kwamba mechi huingia kwenye damu?

Wakati wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kati ya Brazil na Italia, watafiti walipima mate ya mashabiki wa kiume waliokuwa wakitazama kwa televisheni. Baada ya Brazil kushinda kwa penalti, homoni ya testosteroni ilipanda kwa mashabiki wa Brazil na kushuka kwa wa Italia, ingawa hakuna kati yao aliyegusa mpira. Basi mpenzi akikwambia umerudi kibandani umenywea, hakusingizii.

Moyo nao una mipaka. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa eneo la Munich walilinganisha siku za mechi za timu ya taifa na siku za kawaida. Dharura za moyo ziliongezeka mara 2.66, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio walioathirika zaidi. Mzee mwenye presha asikose dawa zake siku ya fainali.

Je, wajua kwa nini husema "tumeshinda" lakini "wamefungwa"?

Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba timu ya chuo ikishinda, wanafunzi wengi zaidi huvaa nguo zenye jina la chuo Jumatatu inayofuata, na huisimulia mechi kwa "sisi". Timu ikipoteza, huwa ni "wao". Ukitaka kujua matokeo bila kuuliza, hesabu jezi kwenye daladala Jumatatu asubuhi. Ukitaka kumjua mchumba, msikilize timu yake ikipoteza: anayebaki na "tumefungwa" ana dalili ya kuvumilia shida za ndoa.

Je, wajua ugomvi wa rimoti ulianza lini?

Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti isiyo na waya, kazi ya mhandisi Eugene Polley, iliyotumia mwanga wa tochi. Tatizo likawa jua: likipiga kioo, chaneli hujibadilisha zenyewe. Mwaka 1956 Robert Adler akaleta nyingine iliyotumia sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, na haikuhitaji betri. Kabla ya hapo aliyetaka kuhama kutoka tamthilia kwenda mpirani ilibidi ainuke mbele ya watu wote, na aibu ilisaidia kulinda amani ya nyumba.

NENO LA MWISHO KWA SHABIKI

Kwa miaka mingi tumetazama mpira kwa saa za wengine, tukalala saa za wengine na kuchelewa kazini kwetu wenyewe. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na safari hii mechi zitachezwa kwa saa zetu, kwenye viwanja vyetu. Anayetaka kuwamo aanze sasa: aombe likizo mapema kwa maandishi badala ya kuugua ghafla, atenge fedha za tiketi badala ya kuzitandika kwenye mkeka, na anunue tiketi mbili. Ya pili ampe yule aliyemvumilia Jumapili zote hizi, hata kama ni wa timu ile nyingine.